Neno Likitoka Vibaya: Kutafuta Hitilafu katika Mtandao wa Urithi wa Ngeli na Vitenzi

Mwongozo huu ni wa anayeandika sarufi ya maumbo ya Kiswahili kwa urithi wa chaguo-msingi (neno hurithi tabia za kundi lake, isipokuwa pale lilipojisemea lenyewe), awe ni mwanafunzi wa isimu katika vyuo vikuu vya Nairobi au mtengenezaji wa kikagua tahajia anayetaka simu itambue kwamba “hajibiwi” ni neno na “hajibiwa” si neno. Mifano imeandikwa kwa DATR, lugha ya kuandikia leksikoni ambayo Roger Evans na Gerald Gazdar waliitangaza mwaka 1989, na ambayo Greville Corbett na Norman Fraser waliitumia mwaka 1993 kuchambua nomino za Kirusi. Tumeichagua kwa sababu kanuni zake ni chache na hitilafu zake hufuatilika hadi chanzo.

Nodi ni neno au kundi lenye jina, njia ni orodha ya sifa ndani ya mabano ya pembe, na mlinganyo ni mstari wenye == unaoipa njia jibu. Swali ni nodi pamoja na njia. Mlinganyo wenye njia tupu huelekeza kwa nodi mama, ambako mengine yote hurithiwa. Kanuni zenyewe ni tatu. Kwanza, ndani ya nodi moja, mlinganyo unaojibu ni ule wenye njia ndefu kuliko zote zinazolingana na mwanzo wa swali. Pili, sehemu ya swali iliyobaki hubandikwa mwishoni mwa kila njia iliyo upande wa kulia wa mlinganyo. Tatu, kisichokuwa ndani ya alama za kunukuu hutafutwa palepale mlinganyo ulipo, au kwenye nodi iliyotajwa. Kilicho ndani ya alama za kunukuu hurudishwa kwenye nodi iliyoulizwa mwanzo.

Neno likitoka vibaya, vidole huwasha kuongeza mlinganyo kwenye neno lenyewe. Subiri. Ukitibu neno moja, maneno mengine 40 yenye ugonjwa uleule yanabaki, na sarufi inageuka orodha. Jiulize kwanza: ni nodi gani iliyojibu? Ni njia gani iliyoshinda ndani yake? Na swali lilikuwa linasomwa hapa au kule lilikoanzia? Karibu kila dalili iliyo hapa chini hutibiwa na moja ya majibu hayo.

Msingi tutakaoutumia ni huu:

```
Nomino:
    <umbo> == "<kiambishi>" "<shina>"
    <upatanisho> == Upatanisho:<"<ngeli>">
    <ngeli> == "<ngeli_kwa "<uhai>">"
    <ngeli_kwa hai> == a_wa
    <uhai> == si_hai.

Kundi_ki:
    <> == Nomino
    <kiambishi umoja> == ki
    <kiambishi wingi> == vi
    <ngeli_kwa si_hai> == ki_vi.

Kiti:
    <> == Kundi_ki
    <shina> == ti.

Kiboko:
    <> == Kundi_ki
    <shina> == boko
    <uhai> == hai.

Upatanisho:
    <a_wa kitenzi umoja> == a
    <a_wa kitenzi wingi> == wa
    <a_wa milikishi> == w
    <ki_vi kitenzi umoja> == ki
    <ki_vi kitenzi wingi> == vi
    <i_zi kitenzi umoja> == i
    <i_zi kitenzi wingi> == zi
    <i_zi milikishi umoja> == y
    <i_zi milikishi wingi> == z.
```

Kumbuka kwamba jibu hutoka kama msururu wa vipande, kwa mfano `vi boko`. Kuviunganisha ni kazi ya hatua inayofuata, na hatua hiyo ina matatizo yake tutakayoyafikia.

Dalili: “mboko” na “waboko” badala ya “kiboko” na “viboko”

Hii huwapata sana waliosoma shule za Kenya, na si kwa uzembe. Shuleni ngeli huitwa kwa viambishi vya upatanisho: A-WA, KI-VI, U-I, LI-YA, I-ZI. Kwa mfumo huo kiboko, kipofu, kijana na kifaru wamo katika A-WA, na ni sahihi, kwa sababu tunasema kiboko analala. Tatizo huanza mtu anapoandika nodi iitwayo A_WA kisha akaweka ndani yake viambishi m- na wa- vya nomino. Hapo kila kiumbe hulazimika kuvaa m-.

Chanzo ni mambo mawili kukaa nodi moja: kundi la umbo (nomino inachukua kiambishi gani) na ngeli ya upatanisho (kitenzi na kivumishi vinachukua nini). Yatenganishe kama ilivyofanywa hapo juu. Kundi_ki linajua maumbo tu, na ngeli inatokana na kundi pamoja na uhai. Corbett na Fraser walipata njia hiyohiyo kwenye Kirusi: jinsia ya nomino nyingi hutabirika kutokana na kundi lake la unyambulishaji na maana yake, kwa hiyo haina haja ya kuandikwa kwa kila neno. Kwa Kiswahili faida ni kubwa zaidi, kwa kuwa mlinganyo mmoja `<ngeli_kwa hai> == a_wa` unahudumia viboko, simba, mabubu na mitume kwa pamoja.

Dalili: umeandika Kiboko ni hai, lakini bado inatoka “viboko vi-”

Angalia alama za kunukuu kabla ya kitu kingine chochote. Mlinganyo uliokosewa huwa hivi:

```
    <ngeli> == "<ngeli_kwa <uhai>>"
```

Fuata swali `Kiboko:<upatanisho kitenzi wingi>` hatua kwa hatua. Kiboko hana njia ya upatanisho, kwa hiyo linakwenda Kundi_ki. Nalo halina, linafika Nomino. Hapo `<upatanisho>` inalingana, na mkia uliobaki ni `kitenzi wingi`. Sasa inahitajika thamani ya `"<ngeli kitenzi wingi>"`. Swali linarudi Kiboko, linapanda tena hadi Nomino, na linakutana na `<uhai>` isiyo na alama za kunukuu. Isiyo na alama husomwa palepale, yaani Nomino, na Nomino inasema `si_hai`. Taarifa uliyoiandika kwenye Kiboko haikuulizwa kabisa. Kisha Kundi_ki linajibu ki_vi, na jedwali linatoa `vi`.

Ukirudisha alama za kunukuu kwenye `<uhai>`, swali linarudi kwa Kiboko, linapata `hai`, Nomino inatoa a_wa, na jibu ni `wa`.

Ishara ya kuitambua hitilafu hii ni kwamba chaguo-msingi linafanya kazi vizuri ajabu na hakuna hata neno la kipekee linalosikilizwa. Ukiona maneno yote ya kawaida ni sahihi na yote ya kipekee yamekosewa, usiyaguse maneno. Nenda kwenye nodi mama utafute njia isiyo na alama.

Kinyume chake kipo pia. Ukiweka alama za kunukuu kila mahali “ili kuwa salama”, programu huanza kuzunguka bila kikomo. Mfano ni ukiandika `<umoja> == "<wingi>"` katika nodi moja na `<wingi> == "<umoja>"` katika nyingine inayoirithi, kama hutokea kwa nomino za u- ambazo wingi wake hutolewa kwenye umoja (ufunguo, funguo) na nyingine ambazo umoja hutolewa kwenye wingi. Chagua upande mmoja uwe chimbuko. Sisi tungechagua shina lisilo na kiambishi, kisha umoja na wingi vyote viwili vikachota hapo.

Dalili: “mbwa yangu”, au “rafiki wangu” pale ulipotaka “rafiki yangu”

Hapa kuna ubaguzi ndani ya ubaguzi. Rafiki ni hai, kwa hiyo rafiki anakuja, rafiki mzuri. Lakini kimilikishi hurudi I-ZI: rafiki yangu, rafiki zangu, vivyo hivyo mama, baba, dada, ndugu, jirani, adui. Mbwa na paka hawafuati hilo katika umoja: mbwa wangu.

Anayeweka `<upatanisho milikishi> == Upatanisho:<i_zi milikishi>` katika Kundi_n (kundi la mbwa na rafiki) atapata mbwa yangu. Anayeuacha kabisa atapata rafiki wangu. Ubaguzi unahitaji nodi yake ya kati:

```
Kundi_n_jamaa:
    <> == Kundi_n
    <uhai> == hai
    <upatanisho milikishi> == Upatanisho:<i_zi milikishi>.
```

Mtego uliojificha hapa ni wa kanuni ya kwanza. Urefu wa njia hulinganishwa *ndani ya nodi moja tu*. Nodi iliyo karibu ikiwa na njia fupi inayolingana, hiyo inashinda, hata kama mama ana njia ndefu zaidi. Kwa hiyo ukija baadaye ukaandika nodi ya Rafiki na kuweka `<upatanisho> == Upatanisho:<a_wa>` kwa nia ya kusisitiza kwamba rafiki ni mtu, umefuta ubaguzi wa kimilikishi bila kuugusa. Inatoka rafiki wangu. Dawa ni kusema kilicho kweli kwa njia iliyo ndefu ya kutosha: kama unazungumzia uhai, andika `<uhai>`, kama ni kitenzi, andika `<upatanisho kitenzi>`. Njia fupi kwenye nodi ya chini ni kufuli linalofunga kila kitu kilicho juu yake.

Wakati mwingine kufuli hilo ndilo unalolitaka, na vitenzi vya mkopo ni mfano mzuri.

Vitenzi: mpangilio wa sifa ndani ya njia

Dalili ya kwanza ni ya macho tu: milinganyo inayojirudia. Ukijikuta unaandika `ta` mara mbili au `ha` mara nne, mpangilio wa sifa umekosewa. Njia hukatwa kutoka kulia tu, basi sifa iliyo kushoto ndiyo inayoweza kubeba chaguo-msingi kwa zilizo kuliani kwake.

Alama ya njeo (wakati wa kitendo) inataka njeo itangulie ukanushi, kwa sababu `ta` haijali: atasoma, hatasoma. Kiambishi cha kiima kinataka ukanushi utangulie, kwa sababu `ha` haijali njeo. Hakuna mpangilio mmoja unaoridhisha pande zote mbili. Tumia vigeu (majina yenye $ yanayosimama badala ya sifa yoyote iliyoorodheshwa) ili kila nafasi ipate mpangilio wake; n1, n2 na n3 ni nafsi, na () ni jibu tupu:

```
# vars $njeo: uliopo uliopita timilifu ujao.
# vars $hali: yakinishi kanushi.

Kitenzi:
    <umbo $njeo $hali> == Kiima:<$hali> Njeo:<$njeo $hali>
        "<ku $njeo $hali>" "<mzizi>" "<irabu $njeo $hali>"
    <ku> == ()
    <irabu> == a
    <irabu uliopo kanushi> == i.

Njeo:
    <uliopo> == na
    <uliopo kanushi> == ()
    <uliopita> == li
    <uliopita kanushi> == ku
    <timilifu> == me
    <timilifu kanushi> == ja
    <ujao> == ta.

Kiima:
    <yakinishi n1 umoja> == ni
    <yakinishi n2 umoja> == u
    <yakinishi n3 umoja> == a
    <yakinishi n1 wingi> == tu
    <yakinishi n2 wingi> == m
    <yakinishi n3 wingi> == wa
    <yakinishi u_i umoja> == u
    <kanushi> == ha <yakinishi>
    <kanushi n1 umoja> == si
    <kanushi n2 umoja> == hu
    <kanushi n3 umoja> == ha.
```

Anayechoshwa na suala la mpangilio anaweza kutazama KATR ya Raphael Finkel na wenzake, iliyoipanua DATR kwa kuruhusu seti, ambazo hazijali sifa ipi inatangulia. Lakini kwa Kiswahili vigeu vinatosha, na kufikiria mpangilio hukufundisha jambo kuhusu lugha yenyewe.

Dalili: “mti huanguki” badala ya “mti hauanguki”

Aliyepata dalili hii aliona kwamba ha + u ni hu (husomi) na ha + a ni ha (hasomi), akaandika kanuni ya sauti kwenye hatua ya kuunganisha: irabu a hudondoka mbele ya irabu nyingine. Nafsi ya pili ikapona. Kisha ngeli ya U-I ikaharibika, kwa sababu mti hukataa hilo: mti hauanguki, ukuta hauna rangi. Ngeli za I nazo: treni haijafika, si “hijafika”.

Kwa hiyo si, hu na ha si matokeo ya sauti kukutana. Ni viambishi vya nafsi vilivyokaririwa, vitatu tu, na mahali pake ni milinganyo mitatu ya mwisho ya Kiima hapo juu. Ngeli nyingine zote hupita kwenye `<kanushi> == ha <yakinishi>` bila kuguswa.

Dalili: “chatu” kwa maana ya kiatu, “wembaji” kwa maana ya waimbaji

Hii ni ileile, ila inaumiza zaidi kwa sababu haionekani. Mtu huandika kanuni kwamba ki- mbele ya irabu hugeuka ch-, na vi- hugeuka vy-. Chumba, chombo, cheti, chuo vyote vinatoka vizuri. Lakini ki + atu inatoka chatu, na kikagua tahajia hakilalamiki, kwa sababu chatu ni nyoka na yumo kwenye leksikoni. Kioo, kiapo, kiazi, kiungo, kiuno na kiongozi vyote viko hatarini.

Katika nomino, uteuzi wa ki- au ch- ni jambo la kundi. Ongeza nodi ndogo:

```
Kundi_ch:
    <> == Kundi_ki
    <kiambishi umoja> == ch
    <kiambishi wingi> == vy.
```

Kisha Chumba irithi Kundi_ch na shina lake liwe `umba`. Kwa nini ki- iwe chaguo-msingi na si ch-? Kwa sababu nomino inayotungwa kutoka kitenzi kwa uwazi huichukua ki-: apa hutoa kiapo, unga hutoa kiungo, ongoza hutoa kiongozi. Chaguo-msingi ni lile linalochukuliwa na neno geni au jipya, hata kama idadi ya maneno ya zamani inaelekea upande wa pili. Kanuni ya sauti ihifadhiwe kwa upatanisho wa vivumishi na vimilikishi tu, ambako mara nyingi ki- huwa ch- mbele ya irabu isiyo i: changu, cheupe, lakini kingine.

Kwa a + i hali ni hiyohiyo. Mwizi hutoa wezi, jino hutoa meno, wa + ingi ni wengi. Lakini mwimbaji hutoa waimbaji, na ini hutoa maini. Tia alama kwenye shina linaloungana, na liache lisiloungana bila alama.

Dalili: “hakukula” na “anala”

Vitenzi vya silabi moja, kula, kunywa, kufa, kuja, hubakiza ku- baada ya na, li, me na ta. Haviibakizi baada ya ja, wala baada ya ku ya ukanushi uliopita, wala pale ambapo hakuna alama ya njeo kabisa. “Anala” hutoka pale kitenzi kiliporithi Kitenzi moja kwa moja. “Hakukula” hutoka pale mtu alipoandika `<ku> == ku` akaishia hapo.

```
Kitenzi_kifupi:
    <> == Kitenzi
    <ku> == ku
    <ku uliopo kanushi> == ()
    <ku uliopita kanushi> == ()
    <ku timilifu kanushi> == ().
```

Usijaribu kufupisha milinganyo mitatu ya mwisho kuwa mmoja wa kanushi kwa jumla: hatakula inaihitaji ku. Ukiongeza yambwa (mtendwa) baadaye, ku- hutoweka tena (anamla), na sifa ya yambwa itabidi itangulie njeo kwenye njia ya `ku`.

Dalili: kitenzi kiko sawa, neno lililonyambuliwa kutoka kwake halitoi chochote

`Soma:<mzizi>` inajibu `som`. `Soma:<shina_mtendaji>` inajibu `som a ji`. Lakini Msomaji hatoi kitu, au kifasiri (programu inayoisoma DATR) kinasema haijafafanuliwa. Nodi zenyewe ni hizi (Kundi_mwa ni kundi la nomino za m- na wa-):

```
Kitenzi:
    <shina_mtendaji> == "<mzizi>" a ji.

Msomaji:
    <> == Kundi_mwa
    <shina> == Soma:<shina_mtendaji>.
```

Sehemu ya Kitenzi hapo juu inaongezwa kwenye nodi ileile, si nodi ya pili yenye jina hilo. Kosa liko Msomaji. `Soma:<shina_mtendaji>` bila alama za kunukuu inakwenda Soma na kupanda Kitenzi, lakini nodi iliyoulizwa mwanzo bado ni Msomaji. Kitenzi kinapotaka `"<mzizi>"`, swali linarudi kwa Msomaji, ambaye ni nomino na hana mzizi. Andika:

```
    <shina> == "Soma:<shina_mtendaji>".
```

Sasa chimbuko lenyewe limehamia Soma, na `"<mzizi>"` inapata `som`. Kila mnyambuliko unaovuka kutoka neno moja hadi jingine unahitaji alama hizo. Huu ndio mlinganyo wa kwanza wa kukagua pale nomino zote zilizotokana na vitenzi zinapokufa kwa mpigo.

Dalili nyingine ya unyambuaji ni maneno mawili kutokea pale lugha inapotaka moja. Pika hutoa mpishi, linda hutoa mlinzi, jenga hutoa mjenzi, iba hutoa mwizi, fuata hutoa mfuasi. Ukiandika njia mbili, `<mtendaji_ji>` na `<mtendaji_i>`, zote mbili zitajibu kwa kila kitenzi, na utapata mwibaji kando ya mwizi. Ubaguzi hulizuia chaguo-msingi pale tu yanapogombania njia moja. Iwe `<shina_mtendaji>` pekee: -aji kwa Kitenzi, na kwa Iba andika `<shina_mtendaji> == izi`.

Dalili: “hajibiwa”, “hasahauliwa”

Jibu, sahau, fikiri, rudi na samehe huishia na irabu yao wenyewe na hawaibadilishi: hajibu, hafikiri, hasahau. Nodi yao ni fupi, na hapa ndipo kufuli tulilolitaja hufaa:

```
Kitenzi_mkopo:
    <> == Kitenzi
    <irabu> == ().
```

`<irabu>` hapa inazuia `a` na pia `i` ya ukanushi iliyo kwa mama, ingawa njia ya mama ni ndefu zaidi. Safi.

Lakini kikinyambuliwa, kitenzi cha mkopo huwa kama vingine: hajibiwi, harudishi, hafikirii. Anayeandika `Jibiwa: <> == Jibu` amerithi kufuli pamoja na mzizi. Neno lililonyambuliwa lirithi tabia kutoka kundi lake jipya na lichote mzizi tu kutoka kwa chimbuko:

```
Jibiwa:
    <> == Kitenzi
    <mzizi> == "Jibu:<mzizi_tendewa>".
```

Kuhusu utangamano wa irabu, jambo moja tu. Kauli ya kutendea huchukua e baada ya e na o (semea, somea) na i kwingineko (pikia, fungia). Kauli ya kutendua huchukua o baada ya o peke yake, na u kwingineko: chomoa, lakini fungua, zibua, tegua. Ukitumia nodi moja kwa zote mbili utapata “tegoa”. Ziwe nodi mbili, zisirithiane.

Dalili: umeongeza Kiswahili cha Nairobi, na Kiswahili sanifu kimeharibika

Mazungumzo ya mjini hapa mara nyingi hupatanisha vitu visivyo hai kwa i- na zi- pasipo kujali kundi: kitu imeharibika, vitabu zimepotea, magari zimejaa. Viumbe hubaki A-WA. Hili si fujo. Ni mfumo wenye chaguo-msingi pana zaidi kuliko sanifu, na urithi unaueleza kwa milinganyo michache. Tatizo ni pale anapoubadilisha mtu ndani ya Upatanisho yenyewe, jedwali ambalo kila neno hulitumia.

Weka lahaja mwanzoni mwa njia, ndani ya Nomino:

```
    <nairobi> == "<>"
    <nairobi upatanisho kitenzi> ==
        Upatanisho:<"<ngeli_nairobi "<uhai>">" kitenzi>
    <ngeli_nairobi> == i_zi
    <ngeli_nairobi hai> == a_wa
```

Mlinganyo wa kwanza unasema: lisilosemwa kivingine Nairobi, husemwa kama sanifu. `Kiti:<nairobi upatanisho kitenzi wingi>` sasa hutoa `zi`, na Kiboko bado hutoa `wa`.

Kisha utaongeza kiambishi cha Nairobi kwa neno fulani, tuseme `<nairobi kiambishi wingi> == ma`, na hakuna kitakachobadilika. Sababu ni kwamba `<nairobi umbo wingi>` ilipofika `<nairobi> == "<>"`, neno `nairobi` lilivuliwa. Kutoka hapo mtandao unauliza `<kiambishi wingi>` ya sanifu. Lahaja lazima ibebwe hadi chini pale ambapo inaweza kuleta tofauti, na kila sehemu ikikosa jibu lake irudi sanifu yenyewe:

```
    <nairobi umbo> == "<nairobi kiambishi>" "<nairobi shina>"
```

Udogo wa ka- na tu- (katoto, tutoto) unahitaji kundi jipya chini ya Nomino, si ubaguzi wa Kundi_ki. Kitoto na katoto huishi pamoja katika kinywa cha mtu mmoja, na kimoja hakikifuti kingine.

Majaribio ya kila siku

Andika faili ya majibu sahihi kabla ya kuandika sarufi, kila mstari ukiwa na swali na umbo linalotarajiwa. Kwa kitenzi kimoja, njeo 4, hali 2 na nafsi 6 ni maumbo 48. Vitenzi vitatu vinatosha kuanzia: soma, jibu na la, kila kimoja kinapita njia tofauti. Kwa nomino tumia mtu, mwizi, mwimbaji, mti, kiti, kiatu, chumba, kiboko, rafiki na mbwa, umoja na wingi, pamoja na upatanisho wa kitenzi na kimilikishi. Endesha faili nzima baada ya kila mlinganyo mpya, si baada ya kila nodi.

Likitokea kosa, anza na swali dogo kuliko yote. Usiulize `<umbo>`; uliza `<kiambishi>`, kisha `<shina>`, kisha `<uhai>`, kila moja kwenye neno lenyewe na kwenye mama yake. Mama akijibu sawa na neno likajibu vibaya, tafuta njia fupi iliyowekwa kati yao. Wote wawili wakijibu vibaya kwa namna moja, tazama alama za kunukuu za mama. Neno likijibu sawa sehemu kwa sehemu lakini umbo zima limekosewa, hitilafu iko kwenye kuunganisha sauti, na kiatu kimeshageuka nyoka.